Niliwafunza wanafunzi kushuku, sasa hawaamini chochote

Shikamoo Bi. Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia katika shule ya sekondari ya kutwa huku Pwani ya Kenya, na ndimi mlezi wa chama cha uanahabari. Nina jambo linaninyima usingizi.

Muhula uliopita ilisambaa klipu ya kama nusu dakika hivi. Mwanamume wa shati jeupe amesimama juu ya gari, anapaza sauti kwamba pesa za basari zimefutwa na anayetaka kusomesha mtoto auze mbuzi. Maandishi ya juu ya video yalisema huyo ni diwani wetu, na kwamba pesa zenyewe amejengea nyumba za kukodisha. Kijana wangu mmoja wa kidato cha tatu aliipandisha TikTok akiwa kwao, akaongeza matusi yake mawili matatu, na kulipokucha kijiji kizima kilikuwa kimeiona. Hazikupita siku nyingi ikajulikana kuwa aliye kwenye klipu si diwani wetu. Ni mtu wa kaunti nyingine kabisa, na klipu ni ya zamani. Watu wa diwani wakaja shuleni na magari mawili. Mwalimu mkuu akaniita mbele yao, akasema kuanzia siku hiyo chama cha uanahabari kitaandika habari za michezo na upanzi wa miti. Siasa basi.

Nikaona hapo ndipo pa kuwafunza. Nilikuwa na kijitabu cha semina chenye orodha ya mambo ya kukagua: tazama nembo, tazama tahajia, tazama anwani ya tovuti, tazama kama picha imekolezwa rangi. Walikishika vizuri, vizuri kupita kiasi. Sasa kila ninachowaletea ni "feki, mwalimu". Nimewaletea ukurasa wa ripoti ya bajeti ya kaunti, nimeuchapisha kwa pesa zangu, wakasema jedwali hata wao wanaweza kulichapa. Nimewaletea gazeti, wakasema gazeti lina mwenyewe. Msichana mmoja, mwenye kichwa chepesi kuliko wote, alisimama akaniambia: "Mwalimu, kama wote ni waongo, mimi nikifika miaka kumi na minane sijisajili kupiga kura. Nimchague mtu kwa kutegemea nini?" Darasa likampigia makofi.

Juu ya hayo mzazi mmoja alinifuata hadi nyumbani. Mwanawe yumo chamani. Akaniambia: "Mwalimu, 2024 kwenye maandamano tuliona watoto wa watu wakirudishwa kwenye majeneza. Wewe wangu unamfunza nini huko?" Nilimtengea kiti, lakini jibu sikuwa nalo.

Niendelee au niache? Na nikiendelea, niwafunze nini ili wasiwe wa kumeza kila kitu wala wa kutema kila kitu?

Mwalimu mlezi, Pwani

*

Marahaba mwanangu,

Usiache. Ila kijitabu kile kifungie kabatini na ufunguo mpe mtu asiyekaa karibu.

Kijitabu hicho kinawafunza watoto kukodolea macho kitu chenyewe, na mdanganyifu mzuri hapo ndipo alipojiandalia. Mwezi Julai 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi wetu, zilizagaa video mbili za habari, moja ina sura ya CNN na nyingine ya BBC, zote zikidai matokeo ya utafiti wa maoni ya wapiga kura kumhusu rais wa wakati huo. Nembo ilikuwapo, rangi zilikuwapo, mtangazaji alionekana wa kweli. Mashirika yote mawili yalizikana. Mwanafunzi mwenye kijitabu chako angetia alama ya sawa kwenye kila kisanduku kisha akamtumia nyanyake.

Wala si watoto wetu tu. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Sam Wineburg na Sarah McGrew waliwakalisha watu 45 mbele ya kompyuta: wanahistoria 10 wenye shahada za uzamifu, wanafunzi 25 wa chuo hicho, na wakaguzi 10 wa habari ambao kazi yao ni kupima madai. Utafiti ulitoka 2017. Walipewa, pamoja na mambo mengine, kurasa za vyama viwili vya madaktari wa watoto. Kimoja ni chama kikubwa cha nchi nzima, na kingine ni kikundi kidogo kilichojitenga nacho kwa sababu za kimsimamo. Kurasa zote mbili ni nadhifu, zina nembo, zina marejeo chini. Wanafunzi wengi waliona kile kikundi kidogo ndicho cha kuaminika zaidi, na baadhi ya wanahistoria hawakuweza kuamua. Wakaguzi wa habari hawakubishana na ukurasa. Waliutazama kidogo, wakautoka, wakafungua kurasa nyingine pembeni kuuliza: hawa ni nani, na wengine wanasemaje juu yao? Waliomaliza haraka ndio waliopatia.

Mama anayejua kununua samaki haangalii kung'aa kwa magamba, kwa sababu anajua magamba humwagiwa maji. Anamuuliza wa meza ya pili chombo gani kimeshuka leo na nahodha wake ni nani. Hilo ndilo somo la kwanza la kuwapa watoto wako, na halihitaji kijitabu: toka nje ya kitu ukiulizie.

Sasa tuje kwenye hili neno "feki" linalokusumbua. Wewe umelichukua kama dalili kwamba wamekuwa wakosoaji. Mimi naona uvivu. Kuamini kila kitu hakuna kazi, na kutoamini chochote hakuna kazi vilevile. Mtu haondoki kitini. Tena neno hilo wakubwa wanalipenda kuliko watoto wako. Juni 2024 vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, mbunge wa Dagoretti Kusini, John Kiarie, alisimama bungeni akadai kuwa baadhi ya picha za maandamano zilikuwa zimetengenezwa kwa kompyuta. Waliokuwapo kwenye moshi wa vitoa machozi walimsikia kwa mshangao. Na leo akili unde inaweza kutengeneza uso na sauti ya mtu yeyote, kwa hiyo kila atakayeshikwa pabaya atakuwa na pa kukimbilia: si mimi huyo, imetengenezwa. Darasa linalopiga makofi kwa "wote ni waongo" linamwandalia mtu kama huyo utetezi wake.

Nilisoma barua yako nikingojea mtu mmoja, awe wewe, mwalimu mkuu au yule msichana, aulize jambo moja. Hakuna aliyeuliza. Klipu ilikuwa ya uongo, sawa. Na basari je?

Maana uongo mwingi una mfupa wa kweli ndani yake, na huu ulikuwa nao. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliziandikia kaunti waraka akizizuia kutoa pesa kwa kazi ambazo kikatiba ni za serikali ya kitaifa, mpaka pawe na makubaliano rasmi kati ya serikali hizo mbili. Katika Jedwali la Nne la Katiba, elimu ya kaunti ni chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na malezi ya watoto wachanga. Sekondari haimo. Basari ambazo kaunti zilikuwa zikiwapa watoto wa sekondari zikaingia mashakani siku hiyohiyo. Magavana na madiwani wakaja juu, jambo likafika mahakamani, na mahakama ikausimamisha waraka. Kwa hiyo palikuwa na kitu halisi, chenye tarehe na saini, kinachogusa karo ya watoto walio mbele yako. Waliokesha wakicheka mtu wa shati jeupe hawakujua. Na siku klipu ilipothibitika kuwa si ya diwani wenu, wote wakaenda zao kana kwamba na swali la pesa limejibiwa. Diwani wenu lazima alilala vizuri usiku ule kuliko kabla ya klipu kutokea.

Ndiyo maana nasema somo lako lisiishie kwenye "ni kweli au si kweli". Liishie kwenye meza ya mtu anayelazimika kujibu.

Fanya hivi. Najua simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo kazi ya mtandao ifanye wewe nyumbani au kwenye saiba, ulete karatasi. Klipu yenyewe ichukulie picha tatu nne za skrini, uzichapishe kubwa, uzibandike ubaoni bila sauti na bila yale maandishi ya juu. Waache watazame nambari ya gari, bango lililo nyuma, mavazi ya watu, ardhi ikoje, nani amevaa koti kwenye joto letu hili. Utashangaa wanayoyaona wakishanyamazishiwa kelele. Kisha waonyeshe jinsi picha moja ya skrini inavyotafutwa kwa Google Lens ili kupata mahali ilipotokea kwanza. Hapo wataona klipu ilianzia kwingine na maneno ya diwani wenu yamepachikwa baadaye. Somo moja linatosha kwa hilo, usilirefushe. Ukitaka wasome wenye kazi hiyo wanavyofanya, wapo PesaCheck, ambao huandika hata kwa Kiswahili, wapo Africa Check, na wapo Piga Firimbi wa Africa Uncensored. Lakini wasiwasomee hukumu ya mwisho tu, "si kweli" kisha basi. Wasome hatua: walimpigia nani simu, walifungua hati gani.

Masomo yanayofuata yatumie kwenye hati. Umesema waliukataa ukurasa wa bajeti kwa sababu "jedwali hata wao wanaweza kulichapa". Wana haki! Uliwapa karatasi isiyo na kwao. Safari hii waambie: mimi naweza kuwa nimeichapa mwenyewe, haya nithibitishieni kwamba sikuichapa. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti ya matumizi ya kaunti kila robo mwaka. Kaunti ina makadirio yake yaliyopitishwa na bunge la kaunti. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye hukagua baadaye. Ni afisi tatu zisizokaa pamoja wala kupendana sana. Wagawe makundi, kila kundi lishike hati moja, watafute idara ya elimu, waweke tarakimu sambamba. Pale zinapokubaliana, wamepata kitu cha kusimamia. Pale zinapopishana, wamepata swali, na swali lenye tarakimu ndani yake haliitwi uchochezi na mtu mwenye akili timamu.

Swali hilo lisibaki kwenye daftari. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza njia. Ombi ni la maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, sheria imeitaja lugha yetu kwa jina. Afisa hana ruhusa ya kukunyima kwa sababu hakupenda sababu zako. Ana siku 21 za kukujibu, na akikaa kimya unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile afisi ya Ombudsman. Barua yenyewe isiwe na maneno makali. Kitu kama: "Tunaomba kujulishwa jumla ya pesa za basari zilizotengewa wadi yetu katika mwaka wa fedha wa 2024/25, kiasi kilichokwisha kutolewa, tarehe za kutolewa, na kiasi kilichopokewa na kila shule." Inatosha. Majina ya watoto waliopewa msiyaombe, umaskini wa mtu si wa kubandikwa ukutani, na hilo pia ni somo. Wanafunzi waandike, ukasaini wewe na mzazi mmoja au wawili. Iende nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mkarudi nayo. Somo hili wanahabari wetu wengi wa mjini hawakulipata.

Wapo watakaokuambia kwamba vijana hawasomi hati ndefu. Wakumbushe 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka ule vijana waliusoma kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa lugha za kwao kwenye TikTok, wakaufanyia hesabu za mkate na mafuta ya kupikia, huku wabunge wengine wakionekana hawajaufungua. Wabunge 195 waliupitisha tarehe 25 Juni, na kesho yake rais akakataa kuutia saini. Ukawa pia ni somo la tarehe, na watoto wako wanalihitaji: ushuru wa asilimia 16 kwa mkate ulikuwamo kweli, kisha tarehe 18 Juni kamati ya fedha ikatangaza kuuondoa. Aliyesambaza bango la mkate tarehe 10 alisema kweli. Aliyelisambaza tarehe 20, herufi zilezile na picha ileile, alikuwa anapotosha. Kijitabu hakimsaidii mtu hapo.

Kuna swali jingine wafunze kuuliza, kwa sababu simu haileti vitu kwa bahati: hiki kimenifikiaje? Septemba 2021 Mozilla ilitoa uchunguzi wa Odanga Madung na Brian Obilo juu ya vijana wa Kenya waliokuwa wakilipwa kati ya dola 10 na 15 kwa kampeni tatu za siku moja ili wasukume heshitegi. Maneno walitumiwa tayari kwenye makundi ya WhatsApp, wao kazi yao kunakili na kuposti kwa wakati mmoja mpaka mada ipande juu. Miongoni mwa walioshambuliwa walikuwamo majaji na wanaharakati waliosimama kinyume na BBI, ule mpango wa kuibadilisha Katiba. Mtu akifungua simu anaona "Wakenya wamekasirika". Waliokasirika ni makarani wa hasira. Wape watoto zoezi: chukua mada moja iliyopanda, nakili posti thelathini za mwanzo, ondoa majina halisi ya watu wa kawaida, uwakatie vipande vya karatasi wavipange. Wakiona sentensi ileile imetoka kwa akaunti kumi na mbili kwa dakika ileile, na kosa lilelile la tahajia, hawatahitaji maelezo yangu.

Yule msichana sasa. Mimi naye simlaumu hata kidogo, ameuliza swali zuri kuliko wote waliokuja na magari. Usimjibu kwa hotuba ya uzalendo. Mletee Fomu 34A. Ndiyo karatasi ya matokeo ya urais ya kituo kimoja cha kupigia kura, na kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo ni karatasi ya watu ambao huenda anawajua. Mwaka 2022 Tume ya Uchaguzi iliziweka fomu hizo kwenye tovuti wazi, kutoka vituo 46,229, yeyote azifungue na kujumlisha. Tafuta ya kituo cha shule ya msingi ya kijijini kwao. Ataona hati ya mkono ya msimamizi, waliosajiliwa, kura halali, kura zilizokataliwa, na saini za mawakala. Mwache ajumlishe. Mwache aulize mjomba au jirani aliyekuwa wakala siku hiyo kama alitia saini kweli. Kisha mweleze kilichofuata: walalamishi walidai mahakamani kuwa fomu zilichezewa njiani, Mahakama ya Juu ikaagiza zikaguliwe, na haikuona tofauti ya maana kati ya zilizokuwa kwenye tovuti na zile za karatasi. Mweleze pia kwamba mahakama hiyohiyo, Septemba 2017, iliufuta uchaguzi wa rais kwa sababu ya jinsi matokeo yalivyopokewa na kutangazwa. Kwa hiyo si kwamba wote ni waongo, wala si kwamba wote ni wakweli. Kuna karatasi, kuna wa kuikagua, na yeye anaweza kuwa mmoja wao. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Kama atakuwa ametimiza miaka na ana kitambulisho, usajili uko kwenye afisi ya tume ya eneo bunge. Asipotaka kwenda, ni haki yake. Lakini awe amekataa baada ya kuhesabu.

Kijana aliyeposti usimwache hivi hivi. Kuifuta klipu hakutoshi, walioiona hawakufutika. Aposti tena kwenye akaunti ileile, kwa sura ileile, aseme: niliweka klipu hii, si ya diwani wetu, hivi ndivyo nilivyojua. Bila kujitetea sana. Na amwombe radhi diwani kwa matusi tu, si kwa kuulizia basari, hayo ni mambo mawili na diwani atataka sana yawe moja. Umweleze pia, kwa utulivu, kwamba Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya 2018 ilikuja na adhabu ya hadi miaka 10 jela kwa uchapishaji wa habari za uongo. Sheria hiyo imepingwa mahakamani miaka na miaka, na mimi naiona ni rungu lililotengenezewa midomo ya watu. Lakini rungu ni vizuri kujua liko mkononi mwa nani.

Hapo ndipo anapoingia mzazi wako. Hofu yake si ya kijinga, usimwambie "usijali". Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo visivyopungua 60 katika maandamano ya 2024. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kama wewe, alikamatwa Homa Bay kwa ajili ya maneno ya mtandao wa X kumhusu naibu wa Inspekta Jenerali wa Polisi. Kesho yake akawa maiti katika kituo cha Central, Nairobi. Polisi walisema alijigonga ukutani, wapasuaji wa maiti wakasema majeraha yale si ya mtu aliyejigonga. Mzazi anayajua haya yote. Mweleze usichofanya: chama hakina akaunti ya mtandaoni, hakuna sura wala jina la mtoto litakalotoka, hakuna atakayepelekwa barabarani. Umweleze na unachofanya, kisha umwombe awe mmoja wa watakaosaini barua ya basari. Akisoma barua yenyewe ataona haina cha kumwogopesha, na karo ni yake.

Mwalimu mkuu ni kazi nyepesi kuliko unavyodhani. Hana ugomvi na maarifa, ana ugomvi na magari mawili kwenye lango lake. Usiombe ruhusa ya "siasa". Mpelekee mpango wa masomo manne ulioandikwa, na umwonyeshe kwamba mtaala mpya wenyewe umetaja uraia na ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa msingi kwa kila mwanafunzi. Yeye atakaguliwa kwa hayo, si wewe. Hakuna chama cha siasa kitakachotajwa kwa kusifiwa wala kutukanwa. Jina la diwani lisitokee popote, barua inakwenda kwa afisi na wala si kwa mtu. Akikataa hata hivyo, yafanye masomo mawili ya mwanzo ndani ya kipindi chako cha Kiswahili. Ufahamu na uandishi wa barua rasmi viko kwenye silabasi tangu mimi nikiwa darasani, na hakuna aliyewahi kusema mfano wa barua rasmi lazima uwe wa kuomba kazi ya ukarani.

Anza na picha za skrini Jumatatu. Barua ya basari ikishagongwa muhuri nitumie nakala, na siku 21 zikipita bila jibu niandikie tena tuipeleke kwa Ombudsman.

Bi. Mshauri